Mwenye Nyumba ni Nani? Baa na Klabu za Bonde la Rhondda

Ukishuka kwenye treni Treherbert, reli imekwisha. Mbele ni mlima, kushoto mlima, kulia mlima, na katikati mto mwembamba wa maji ya kasi unaokimbilia kule ulikotoka. Hili ni bonde la Rhondda, kusini mwa Wales. Kwa kweli ni mabonde mawili, Rhondda Fawr na Rhondda Fach, yanayokutana kwenye mji wa Porth. Nilichagua lile kubwa, nikaliteremka kwa miguu kijiji hadi kijiji, nikitazama nyumba ambamo watu wa hapa walikutana baada ya kazi: baa, nyumba za wageni, klabu, majumba ya wafanyakazi. Na kila nilipofika nilitaka kujua nyumba hiyo ilikuwa ya nani.

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Katika Rhondda ya zamani karibu kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mchimbaji. Ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa, akina Marquess wa Bute na Earl wa Dunraven. Migodi ilikuwa ya makampuni. Hata mchimbaji aliyejinyima mpaka akajenga, alijenga juu ya kiwanja alichokodi kwa miaka 99, na mkataba ukiisha, nyumba na kiwanja vyote vilirudi kwa bwana. Kero hiyo ilidumu mpaka Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1967 iliyowapa wakaazi haki ya kuinunua ardhi iliyo chini ya nyumba zao. Treherbert leo ina Bute Street na ina Dunraven Street. Jina lenyewe la mji limetoka kwenye ukoo wa Bute. Mtu alizaliwa kwenye mtaa wa bwana, akachimba makaa ya bwana, jioni akanywa bia kwenye baa yenye jina la bwana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1851 Rhondda nzima ilikuwa na watu wasiofika 1,000, wengi wao wafugaji wa kondoo. Wenyeji husimulia kwamba kindi angeweza kusafiri bonde zima akirukia mti hadi mti bila kugusa ardhi. Baa zilikuwa chache, nazo ni nyumba za mashamba zilizouza bia ya kupikwa nyumbani, au nyumba za wageni kando ya njia za milimani walikopita wachungaji wakiswaga ng'ombe kupeleka masoko ya England. Sheria ya mwaka 1830 ilirahisisha mambo: mtu alilipa gini mbili kwa mwaka, akapata leseni ya kuuza bia. Sebule ya mke na mume ikawa baa. Mwenye nyumba alikuwa yule yule anayekumiminia.

Halafu makaa yakaja. Mwaka 1855 shehena ya kwanza ya makaa ya meli ilitoka Treherbert kwenda Cardiff, na mwaka uliofuata reli ikafika juu kabisa bondeni. Watu wakamiminika kutoka mashamba ya Wales, kutoka England, kutoka Ireland. Kufikia mwaka 1911 palikuwa na watu zaidi ya 152,000 katika mabonde haya mawili, na migodi zaidi ya 50. Makaa ya hapa yaliwaka kwa joto kali na moshi kidogo, ndiyo maana jeshi la majini la Uingereza liliyapenda kuliko mengine yote. Msomaji wa Unguja anaikumbuka Agosti 27, 1896, meli za jeshi hilo zilipolipiga kasri la Sultani kwa mizinga, vita ikaisha kabla saa moja haijatimia. Jeshi lililofanya hivyo liliendeshwa na makaa ya Wales. Waliokuwa chini ya ardhi hawakuulizwa makaa yao yanakwenda kufanya nini.

Nikitembea kutoka Treherbert kuelekea Treorchy, niliona jinsi bonde lilivyo jembamba. Barabara, reli na mto vimebanana, na nyumba zimeunganishwa ukuta kwa ukuta, safu juu ya safu, zikifuata mkunjo wa mlima. Nyumba hizo ni ndogo. Wakati wa makaa zilijaa watoto, wazazi na wapangaji, na zamu ya usiku ililala kitanda ambacho zamu ya mchana imetoka kukiacha. Mtu mzima angekaa wapi jioni? Alikuwa akitoka shimoni mweusi tii, kwa kuwa migodi haikuwa na mabafu. Bafu la kwanza la mgodini katika Wales lilifunguliwa mwaka 1916 tu, Deep Navigation, Treharris. Nyumbani kulikuwa na karai la bati mbele ya moto, na mke aliyechemsha maji tangu saa nyingi. Kati ya shimo na karai lile palikuwa na baa. Vumbi la makaa hukausha koo mpaka mate yanakuwa mazito, na bia nyepesi iliuzwa kwa hesabu ya kiu hiyo. Sikubaliani na wanaoandika kuhusu ulevi wa wachimbaji bila kuanzia na hilo vumbi.

Ulevi ulikuwepo, na wake zao walijua bei yake. Sheria ilikuwa imepiga marufuku tangu mwaka 1842 kumlipa mchimbaji mshahara wake ndani ya baa au karibu nayo. Lakini malipo ya kundi zima yakitolewa kwa noti kubwa, wenye zamu walihitaji mahali pa kuvunja noti wagawane, na mwenye baa alikuwa na chenji tayari. Hakuna aliyevunja noti akaondoka bila kununua.

Hata hivyo, ukiitazama baa ya Rhondda ya karne ya 19 kama mahali pa kunywea tu, umeiona nusu. Chumba cha juu cha baa kilikuwa ofisi ya bonde zima. Humo vilikutana vyama vya kusaidiana, hasa vya kufa na kuzikana, Oddfellows na Ivorites. Hao Ivorites, walioanzishwa Wrexham mwaka 1836, waliendesha mikutano yao kwa Kiwelisi na kujivunia hilo. Mwanachama alitoa senti zake kila juma, akiumia alipata posho, akifa alizikwa kwa heshima na mjane akashikwa mkono. Humo pia vilikutana vyama vya ujenzi: watu kadhaa walichanga kila mwezi, nyumba zikajengwa moja baada ya nyingine, na kura ikapigwa nani aingie kwanza. Safu nyingi za nyumba nilizozipita zilizaliwa kwenye meza ya baa. Matawi ya chama cha wafanyakazi yalikutana humo. Maiti za ajali zilipohitaji uchunguzi wa hakimu, mashahidi waliitwa kwenye chumba cha baa, kwa kuwa kijiji kilichoota kwa miaka michache hakikuwa na mahakama wala ukumbi.

Na ajali zilikuwa nyingi. Mwaka 1856 mgodi wa Cymmer, Porth, uliua wanaume na watoto 114 kwa mlipuko mmoja. Aprili 1877 maji ya machimbo ya kale yalivunja ukuta na kuingia mgodi wa Tynewydd, papo hapo Porth, wakanaswa watu 14. Waokoaji walichimba kupitia ukuta wa makaa huku wakijua kwamba hewa iliyobanwa upande wa pili inaweza kuwaua, na watano wa mwisho walitolewa hai baada ya siku 10 gizani. Kwa ajili yao nishani ya Albert, iliyokuwa ya waokoaji wa baharini tu, ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa waokoaji wa nchi kavu. Naandika haya kwa sababu baa za siku hizo zilikuwa vituo vya kusubiri. Mtu aliyengoja habari za ndugu yake alingoja mahali penye moto na watu.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na kanisa. Mwaka 1905 Rhondda ilikuwa na makanisa zaidi ya 150 ya Wabaptisti, Wamethodisti, Wakongregesheni na wengine wasio wa kanisa la serikali. Majengo yao bado yapo, mapana, yenye mwaka wa kujengwa ukutani na madirisha marefu, mengine sasa ni maghala na nyumba za kupanga. Viongozi wa makanisa hayo walipigania sheria ya mwaka 1881 ya kufunga baa siku ya Jumapili. Sheria hiyo ilihusu Wales peke yake, jambo ambalo Bunge lilikuwa likilifanya kwa nadra sana tangu Wales iunganishwe na England karne ya 16. Kwa watu waliozoea kuhesabiwa kama pembe ya England, ilikuwa sheria ya kuwatambua, hata kama iliwafungia mlango.

Mlango ukafungwa, watu wakatafuta dirisha. Msafiri aliyelala umbali wa maili tatu au zaidi aliruhusiwa kuuziwa kinywaji hata Jumapili, na bonde ambalo kila kijiji kimeshikana na kingine lina maili tatu tele. Cardiff kulikuwa na wanaume waliokaa uwanjani na mapipa yao, wakapaita mahali hapo Hotel de Marl. Lakini tundu kubwa zaidi lilikuwa hili: sheria ilifunga baa, haikufunga klabu. Klabu haikuuza bia kwa umma. Wanachama walinunua bia yao kwa pamoja na kugawiana, ndani ya nyumba yao. Sheria iliyoandikwa na watu wa kanisa ikawa mbolea ya klabu.

Klabu yenyewe ilikuwa na asili ya ajabu. Mwaka 1862 mchungaji Henry Solly alianzisha umoja wa klabu za wafanyakazi wa Uingereza akiwa na nia ya kuwaondoa kwenye pombe: wapate chai, magazeti, mihadhara. Wafanyakazi walipenda klabu, wakataka na bia. Umoja ukakubali, na tangu hapo klabu ikawa ya wanachama kikweli, si zawadi ya mtu mwema kwa maskini.

Wengi huandika kana kwamba kanisa na baa vilikuwa vita ya nuru na giza. Nilichokiona na kukisoma bondeni ni watu wale wale wakivuka barabara. Kwaya ya wanaume ya Treorchy, inayojulikana duniani, hufuatilia asili yake mwaka 1883, vijana wa hoteli ya Red Cow waliposhinda zawadi ya pauni moja kwenye mashindano ya kuimba. Miaka 12 baadaye kwaya ya Treorchy iliimba mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Kilomita chache chini, Ton Pentre, bendi ya tarumbeta ilianza mwaka 1884 kama bendi ya wapinga pombe, ikabadili jina kuwa Cory baada ya tajiri wa makaa Clifford Cory kuifadhili, na leo ni miongoni mwa bendi bora kabisa za aina yake. Baa ilizaa kwaya, wapinga pombe wakazaa bendi. James James, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Wales mwaka 1856 Pontypridd, baadaye aliendesha baa. Kanisa la Tabor, Maesteg, lililousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza, jengo lake likaja kuwa klabu ya wafanyakazi.

Mwaka 1904 uamsho wa mhubiri Evan Roberts ulipita mabonde haya kama moto. Watu waliimba na kulia mpaka alfajiri, baa zikabaki tupu, na inasemekana farasi wadogo wa mgodini walishindwa kuelewa amri kwa sababu waendeshaji wao wameacha kutukana. Baada ya mwaka mmoja au miwili moto ukatulia. Lakini kiu ya kinywaji kisicho kileo ilikuwa imekwishapata soko. Porth kulikuwa na kiwanda cha soda cha Thomas na Evans, ambao soda yao ya Corona ilipelekwa mlango kwa mlango na chupa zikarudishwa kwa amana. Na kila mji ulikuwa na mkahawa wa Waitaliano kutoka Bardi, waliojulikana wote kama Bracchi hata kama si ukoo wao, wakiuza kahawa, aiskrimu na joto la jiko. Huko ndiko walikokaa vijana, na wanawake ambao hawakukaribishwa baa. Mashemasi waliwalalamikia kwa kufungua Jumapili. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, wanaume wengi wa familia hizo walikamatwa kama maadui, na Julai 1940 meli ya Arandora Star iliyowabeba ikazamishwa. Zaidi ya 50 wa waliokufa walikuwa wa Wales. Jirani aliyekupa kahawa asubuhi, jioni ameitwa adui. Mabonde haya hayajasahau.

Treorchy ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, mbele ya jumba la Park and Dare. Usitarajie kibanda. Ni jengo la mawe linalozipita nyumba zote za jirani kwa urefu, la kujivuna kabisa, ungedhani ni la benki au la serikali. Lilikuwa la wachimbaji wa migodi ya Park na Dare, iliyokuwa katika bonde dogo la Cwmparc. Lilijengwa kwa peni moja iliyokatwa kwenye kila pauni ya mshahara, yaani sehemu moja ya 240, juma baada ya juma. Kwanza maktaba na vyumba vya kusomea, kisha mwaka 1913 ukumbi mkubwa wa maonyesho. Nilisimama nikitazama nakshi za mbele nikiwaza ni mikono mingapi iliyotoa peni hiyo bila kuishi kuuona ukumbi. Leo halmashauri ndiyo inayoliendesha kama ukumbi wa tamthilia na sinema.

Majumba kama hayo yalisambaa kusini mwa Wales. Miaka ya 1930 maktaba za wachimbaji zilizidi 100. Kijana wa shimoni alitoka zamu, akaoga, akaenda kuazima kitabu cha uchumi au falsafa, kisha akashuka chini kucheza biliadi. Mwanasiasa Aneurin Bevan alisoma hivyo kwenye maktaba ya Tredegar, bonde jingine mashariki ya hapa, na mfuko wa matibabu wa wafanyakazi wa mji huo ukamwonyesha kile alichokuja kukijenga kwa nchi nzima mwaka 1948, huduma ya afya kwa wote. Mimi naamini majumba haya ni kazi kubwa kuliko makaa yenyewe. Makaa yalikuwepo ardhini. Haya yalitoka kwa watu waliochoka.

Klabu nazo zilifika mbali. Baada ya vita vya kwanza vya dunia bia ilikuwa haba na viwanda vya bia vilijali baa zao kwanza. Mwaka 1919 klabu za kusini mwa Wales ziliungana zikanunua kiwanda chao cha bia, Pontyclun. Sasa mchimbaji alikuwa na sehemu kwenye chumba, kwenye kiti, na kwenye pipa.

Jioni moja niliingia klabu katika mojawapo ya vijiji vya katikati ya bonde. Klabu za siku hizi kwa nje hazivutii: jengo la chini, plasta ya kijivu, mlango wa chuma, kengele. Ndani ya mlango kulikuwa na meza ndogo yenye daftari lililochakaa pembe, kalamu imefungwa kwa uzi. Safu ya kwanza jina la mgeni, ya pili jina la mwanachama anayemkaribisha, ya tatu tarehe. Bila jina la pili huingii. Nilisimama pale mpaka mzee mmoja aliyekuwa akikung'uta mvua kwenye kofia akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu, Tanzania. Akachukua kalamu, akaandika jina lake mbele ya langu, akasema, "Karibu, ndugu yangu. Huyu yuko nami."

Zulia la maua, benchi nyekundu kuzunguka kuta, jukwaa lenye pazia la kumetameta, meza ya snuka chumba cha pili. Ukutani ubao wa mbao wenye majina ya wenyeviti kwa herufi za dhahabu, na pembeni yake majina ya waliokufa vitani. Ubao wa matangazo ulisema mkutano mkuu ni lini, nani kasimamishwa na kamati kwa mwezi mmoja, na kwamba bahati nasibu ya nyama itachezwa saa mbili usiku. Sinia lenyewe lilikuwa juu ya kaunta, limefunikwa nailoni: soseji, mbavu za nguruwe, kuku mzima. Wazee wanne walicheza dhumna kwa kasi, wakigonga vigae mezani bila kutazamana. Mimi sinywi pombe. Mhudumu akanipa maji ya ndimu na soda, na hakuna aliyenihoji.

Yule mzee aliingia mgodini akiwa na miaka 16. Kifua chake kilisikika kila alipovuta pumzi. Nilimuuliza kwa nini haendi baa, zipo mbili barabarani na zimepambwa. Akaweka bilauri chini. "Baa mwenye baa anaweza kunitoa," alisema. "Hapa anayeweza kunitoa ni kamati, na kamati naichagua mimi."

Lakini demokrasia hii ilikuwa na aibu yake, na lazima isemwe. Kwa miaka mingi mwanamke aliweza kufua taulo za klabu, kupika sandwichi za sherehe na kuimba jukwaani, lakini vyumba vingine alikatazwa kukanyaga, na kadi ya umoja iliyomfungulia mwanamume milango ya klabu zote za nchi, yeye hakupewa. Umoja wa klabu ulikubali usawa kamili mwaka 2007. Wakati huo klabu nyingi zilikuwa zimekwishaanza kufa, na nafikiri hayo mawili yanahusiana: nyumba iliyowafungia nusu ya kijiji ilijikuta haina nusu hiyo ilipohitaji watetezi.

Na watetezi wanawake walikuwepo. Katika mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985, Maerdy, juu ya Rhondda Fach, hakuna hata mchimbaji mmoja aliyevunja mgomo, na waliouendesha mwaka mzima kwa chakula walikuwa wanawake, waliofungasha vifurushi ndani ya jumba la wafanyakazi. Machi 1985 walirudi kazini wakiandamana nyuma ya bendi na bendera. Desemba 1990 mgodi wa Maerdy ukafungwa, wa mwisho katika Rhondda. Jumba lile limeshabomolewa. Katika bonde la Dulais ukumbi wa Onllwyn uliwapokea mashoga na wasagaji kutoka London waliochangia wagomaji, jambo lililotengenezewa filamu ya Pride mwaka 2014. Na kabla yao wote, mwaka 1957, wachimbaji walikusanyika Porthcawl kumsikiliza mwimbaji Paul Robeson akiwaimbia kwa simu kupitia chini ya bahari, kwa kuwa Marekani ilikuwa imemnyang'anya pasipoti. Kwaya ya Treorchy ikamjibu kwa simu hiyo hiyo. Watu waliozoea kumiliki chumba chao wenyewe wana desturi ya kumfungulia aliyefungiwa kwingine.

Jumapili ilirudi polepole. Sheria ya mwaka 1961 iliacha kila eneo lipige kura, na Glamorgan ikachagua kufungua. Eneo la mwisho la Wales kushikilia, Dwyfor huko kaskazini, lilikubali mwaka 1996. Klabu zikapoteza faida yao ya Jumapili. Kisha migodi ikaondoka na ile peni ya mshahara, vijana wakaondoka, bia ya dukani ikawa rahisi, sigara ikakatazwa ndani mwaka 2007, janga la 2020 likafunga milango yote, na baada yake zikaja bili za umeme. Rhondda ya leo ina watu kama 70,000. Nilihesabu majengo yaliyofungwa mpaka nikaacha, kwa sababu yalinifanya nisione yaliyo wazi, na Treorchy, ambayo barabara yake ya maduka ilitangazwa bora kuliko zote Uingereza mwaka 2020, yapo mengi yaliyo wazi.

Nilirudi kwenye klabu ile siku ya mkutano mkuu, mzee akaniandika tena daftarini. Wageni hukaa nyuma na hawapigi kura. Katibu ni mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule. Mama yake, aliniambia, alikaa ukumbi wa juu maisha yake yote kwa sababu baa ya chini ilikuwa ya wanaume. Ajenda ilikuwa paa. Maji yanaingia juu ya jukwaa, na fundi ametoa bei ambayo akaunti haifikii. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kununua jengo ilifanye vyumba vya kupanga. Mmoja alisema liuzwe, wagawane, waende zao. Hakupigiwa kelele, katibu aliandika hoja yake, ikapigiwa kura, mikono ikawa michache. Hoja ya pili ilikuwa ya ukumbi wa juu kukodishwa asubuhi kwa chekechea. Ya tatu, kila mwanachama atoe pauni moja kwa juma mpaka paa liishe, wastaafu nusu yake. Wastaafu ndio waliobisha: walitaka kulipa sawa na wengine. Wakajadili robo saa nzima, hoja ikarekebishwa, ikapita. Wa kwanza kwenda mezani alikuwa mwenyeji wangu. Alihesabu sarafu zake, akadai risiti, katibu akamwandikia.